Siku ya Kumbusu Nguruwe

Verna Goodlett alikuwa na sauti. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Sulphur Bend angekwambia. Aliendesha basi la shule mpaka watoto aliowabeba wakakua, wakaoa, wakampa watoto wao naye akawabeba vilevile, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugeuza shingo kumkemea mtoto. Alitazama kioo, akafungua kinywa, na basi zima likanyamaza, pamoja na ng'ombe waliokuwa wakilia malishoni kando ya barabara.

Alipostaafu, mumewe Ansel alikuwa keshafariki, na nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Ndipo akaja Biskuti. Msichana mmoja wa mjini alimnunua mtandaoni, akaambiwa ni nguruwe mdogo wa kitambi, wa kulala kitandani, hatampita paka kwa ukubwa. Mwaka haukuisha, paka huyo akawa na ukubwa wa kochi, na alikuwa amejifunza kufungua friji. Verna alimchukua "kwa wiki moja tu." Lakini habari za mtu mwenye huruma husafiri kuliko moshi. Wiki haijaisha, akaletewa wa pili kwenye kreti ya mbwa. Kisha wawili wakaachwa wamefungwa kamba getini kwake alfajiri, kila mmoja na utepe wake shingoni, kama zawadi.

Shemeji yake Hollis, mdogo wa Ansel, hakuacha kumtania. Hollis ndiye aliyekuwa fundi wa kuchoma nyama wa kaunti nzima. Hakuna harusi wala mazishi yaliyopita bila moshi wake, na hapo Kentucky ya magharibi hiyo ni heshima kubwa. Kila alipopita alisimama kwenye uzio wa Verna na chupa ya sosi mkononi.

"Shemeji, nimewaletea manukato yao hawa!"

"Hollis, ukivuka huo uzio atakayeingia kwenye moshi ni wewe. Na kwa tumbo hilo, utaiva mapema."

Basi wakaishi hivyo, kwa utani, mpaka siku ile naibu wa sherifu alipompigia simu Verna. Mzee mmoja aitwaye Orville Tabb, aliyeishi peke yake kule mwisho wa barabara ya vumbi, alikuwa amepatwa na kiharusi na kupelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kundi la nguruwe wa kitambi. Hakuna ndugu aliyewataka. Lori la mnadani lingekuja kuwazoa kesho yake asubuhi.

"Bi Verna, sikulazimishi," naibu alisema. "Nimekuambia tu."

"Unajua fika kwamba umenilazimisha," Verna akajibu, huku akivaa mabuti.

Alihitaji pikapu yenye nguvu ya kuvuta tela, na pikapu hiyo ilikuwa ya Hollis. Hollis akaja akicheka njia nzima. Walipofika na kuchungulia zizini, kicheko kikamkauka mdomoni. Nguruwe wale walikuwa na upele mpaka ngozi inabanduka. Kwato zao zilikuwa ndefu, zimejikunja kama pembe za kondoo dume. Dume mmoja alikuwa amenenepa uso hata mafuta yakamfunika macho, akawa anakwenda kwa kupapasa na pua. Na jike mmoja, mweusi mwenye doa jeupe kipajini, alikuwa na tumbo linaloburuzika chini, limevimbia upande mmoja. Shingoni alikuwa na kibati chenye jina: Opal.

Opal alimjongelea Hollis polepole, akamnusa miguu, kisha akajilaza juu ya buti lake, akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

Hollis alisimama hapo, hathubutu kuutoa mguu. "Shemeji," akasema hatimaye, "huyu ana nini tumboni?"

"Sijui. Labda mimba."

"Huyu ni bibi kizee, mimba ya wapi?"

Daktari wa mifugo pale mjini alikuwa Renata Skaggs, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyesomea ng'ombe na farasi na kujifunza nguruwe kwa sababu Verna hakumpa nafasi ya kukataa. Alimpaka Opal dawa ya maji tumboni, akapitisha kipimo cha kuonyesha picha ya ndani, akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Si mimba," akasema. "Ni uvimbe kwenye kizazi. Majike wa aina hii wasipotolewa kizazi wakiwa wadogo, huwatokea uzeeni. Lakini huu… sijawahi kuona mkubwa hivi."

"Unatoka?"

"Unatoka. Shida ni dawa ya usingizi. Nguruwe si mbwa, Bi Verna. Wengine hulala wasiamke. Nitamwita mwenzangu kutoka chuo kikuu aje na mashine yake ya usingizi. Mimi mwenyewe sitakudai kitu. Lakini mashine, gesi, dawa, maabara, hivyo si vyangu. Na hao wengine nao: majike watolewe kizazi, madume wahasiwe, kwato zikatwe, upele utibiwe. Ukichelewa, mwakani utahitaji na shamba la jirani."

Verna alirudi nyumbani akiwa amenyamaza, na Verna kunyamaza ni jambo la kutisha. Mwanamke yule hakuogopa barafu barabarani, wala fahali aliyetoroka, wala mzazi mlevi kwenye kituo cha basi. Lakini uso umeumbwa na haya, na haya zote za Verna zilikuwa kwenye kitu kimoja: kuomba. Alijua kutoa. Mkono wa kupokea hakujua hata unanyooshwa vipi.

Twyla, mke wa Hollis, ndiye aliyemkatia shauri. Twyla alikuwa na saluni, na alikuwa akimkunja Verna nywele huku akisikiliza.

"Wewe hujui kuomba, sawa," Twyla akasema. "Basi tuwafanye watu watoe huku wakicheka. Tutaweka chupa kubwa za achari, kila moja na picha ya mtu mkubwa wa hapa mjini. Kocha wa shule, meneja wa benki, yule mwenye duka la majeneza. Unaweka pesa kwenye chupa ya yule unayetaka kumwona akiaibika. Chupa itakayojaa kuliko zote, mwenye picha yake anambusu Biskuti mdomoni, mbele ya kaunti nzima."

Wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele walipiga makofi. Hollis, aliyekuja kumletea mkewe chakula, akachangamka naye.

"Na mimi nachoma! Bure! Nitawasha tangu alfajiri, nitatoa mabega ya nguruwe laini mpaka yanajitenga yenyewe na mfupa…"

Saluni nzima ikamgeukia. Hollis akatazama huku na huku.

"Mnaniangalia nini?"

"Hollis," Twyla akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Unachangisha pesa za kutibu nguruwe kwa kuuza nguruwe?"

"Lakini hawajuani!"

Wakacheka mpaka mmoja akamwagiwa rangi ya nywele puani. Mwishowe Hollis akakubali kuchoma kondoo, na kupika ule mchuzi mzito wa kondoo na mahindi ambao watu wa huko huvuka mto kuufuata. Asilolijua ni kwamba Twyla, alipokuwa akibandika picha kwenye chupa jioni ile, alibandika na ya mumewe.

Jumamosi ya sherehe ikafika, jua limetoka safi. Verna aliamka akiwa na furaha ya mtoto wa siku ya sikukuu. Akabeba ndoo ya chakula akaenda zizini, akiita. Wote wakaja mbio wakisukumana, isipokuwa Opal. Opal alikuwa amelala pembeni, na chakula kilipowekwa mbele ya pua yake, aligeuza uso.

Nguruwe akikataa chakula, ni sawa na nyumba kuungua. Verna akapiga magoti, akaona damu kwenye majani makavu nyuma yake.

"Mlete sasa hivi," Daktari Skaggs alisema kwenye simu. "Sasa hivi, Bi Verna. Mwenzangu nampigia, atakuja mbio."

Hollis alikuwa kwenye majiko yake ya moshi kwenye uwanja wa sherehe, nyuma ya kituo cha zimamoto, aproni kiunoni. Aliposikia alimwachia mtu koleo bila hata kumtazama ni nani, akaruka ndani ya pikapu. Walimwinua Opal kwa shuka, wawili wao na jirani, na Opal akapiga ukelele ambao nguruwe peke yake anaujua, ukelele wa kupasua vioo. Hollis alikuwa akimwambia njia nzima kupitia dirisha la nyuma, "Vumilia, mama. Vumilia, bibi yangu. Tumefika." Verna aliyasikia hayo na akajifanya hakusikia.

Zahanati ya mifugo haikuwa mbali na kituo cha zimamoto; ukisimama mlangoni unausikia muziki wa sherehe. Yule daktari wa chuo kikuu alifika na vumbi lake, mashine ikaingizwa, Opal akafunikwa barakoa ya gesi puani. Hollis akarudi kwenye moto wake, na Verna akaanza kutembea. Alitembea kwenye korido kwenda na kurudi, mabuti yake yakigonga sakafu, mpaka mlango ukafunguliwa na Skaggs akatoa kichwa chenye kofia ya kijani.

"Bi Verna, vyombo vinatetemeka kwenye trei. Nenda kwenye sherehe."

"Siwezi kumwacha."

"Humsaidii kwa kutembea. Na mimi nikimaliza na huyu, nina wale wengine wote. Kawaombe watu. Hiyo ndiyo kazi yako leo, hii ni yangu." Mlango ukafungwa.

Verna alifika uwanjani akiwa na damu kwenye mkono wa shati. Watu walikuwa wengi, wametandaza viti, watoto wanakimbizana na tikiti maji usoni, kondoo wa Hollis ananukia hadi barabara kuu. Biskuti amekaa kwenye jukwaa dogo, ameoshwa, ana utepe wa waridi, anatazama umati kama malkia aliyechoshwa. Lakini chupa zilikuwa karibu tupu. Watu walicheka, walikula, walitupia sarafu kidogo, wakaendelea na soga. Hollis alikuwa ameshika maiki akijitahidi na vichekesho vyake, na vichekesho vyenyewe vilikuwa vinafia njiani.

"Anaendeleaje?" Hollis akanong'ona, akisahau kwamba maiki imewashwa. Uwanja mzima ukasikia. "Opal anaendeleaje, shemeji?"

"Wamempasua," Verna akasema. Akachukua maiki, ikapiga mluzi wa kuumiza masikio, akamrudishia. Hakuwahi kuhitaji maiki maishani mwake.

Akasimama mbele ya watu, akawaangalia. Na alipowaangalia, hakuona wakulima na mameneja na akina mama wenye magari makubwa. Aliwaona kama alivyowaona siku zote, kwenye kioo, kila mmoja kwenye kiti chake.

"KAENI CHINI!"

Wakakaa. Watu wazima wenye mvi wakakaa. Hata meneja wa benki alikaa, tena kwenye nyasi.

"Ninyi mnanijua, mimi siombi," Verna akasema. "Leo naomba. Kuna nguruwe mzee yuko kwenye meza ya daktari pale, tumbo wazi, na zizini kwangu wapo wenzake wanaosubiri zamu. Hawakuomba kuzaliwa. Waliuzwa kwa uongo, wakakua, wakatupwa. Mtu akikua kuliko alivyotarajiwa, anatupwa? Garland Oates! Wewe ambaye hukutoshea kwenye kiti tangu darasa la tano! Nilikutupa?"

"Hapana, Bi Verna!" Garland, mkulima mkubwa mwenye ndevu, akajibu kwa sauti ya mtoto.

"Na siku ile ulipoingiza nyoka ndani ya basi langu kwenye kisanduku cha chakula, nilikushusha?"

"Hukunishusha!"

"Nilimshusha nani?"

"Ulimshusha nyoka, Bi Verna!"

Uwanja ukalipuka. Garland akainuka, akatoa pochi, akaimimina yote kwenye chupa yenye picha ya Hollis.

"We!" Hollis akapiga kelele. "Nani kaniweka mimi humo?"

"Ni mkeo, mume wangu!" Twyla akamjibu kutoka nyuma.

Hapo ndipo moto ukawaka. Verna alikuwa akiita majina, na kila jina lilikuwa na mkasa wake. Yule aliyetapika juu ya kofia ya mwalimu. Wale mapacha waliobadilishana mashati ili mmoja apande mara mbili. Mume na mke waliopendana kwenye kiti cha nyuma, ambao alijaribu kuwatenganisha kwa mwaka mzima bila mafanikio. Kila aliyeitwa aliinuka akicheka na aibu, akaenda kwenye chupa. Wengine walianza kujiitisha wenyewe: "Mimi je, Bi Verna? Umenisahau?" "Sijakusahau, mwizi wa penseli, lete mkono!" Wakawa wanakimbilia magari yao, wanachungulia chini ya viti, wanakopana. Kocha alikuwa anaongoza, kisha Hollis akampita, kisha wachezaji wa kocha wakachanga dhidi ya kocha wao, na watu wakapiga kelele kama kwenye fainali.

Katikati ya kelele hizo mwanamke mmoja mwembamba akaja mbele. Alikuwa Marvella Sipes, muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Kelele zikapungua.

"Mimi hajaniita," Marvella akasema, "na najua kwa nini. Anajua ningeona haya. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikawa nawavisha wadogo zangu kila asubuhi, na kila asubuhi nachelewa. Na kila asubuhi basi lilikuwa limesimama pale mbele ya nyumba. Bi Verna alikuwa anawaambia watoto wengine breki zina matatizo. Mwaka mzima, breki."

Mzee mmoja upande wa kulia akaguna. "Kumbe! Mimi nilikuwa fundi wa yale mabasi. Nilizifungua zile breki mara ngapi!"

Watu wakacheka huku wakipangusa macho. Marvella akaweka bahasha ndani ya chupa, akamkumbatia Verna, na baada yake hapakuwa tena na haja ya kuita jina. Walijipanga wenyewe.

Simu ya Verna ikalia.

Alipoliona jina la Skaggs, akamsukumia Twyla. Twyla akaipokea kwa niaba yake, na Hollis, bila kuambiwa, akasogeza maiki kwenye simu. Uwanja ukawa kimya hata ukasikia mafuta yakichuruzika juu ya makaa.

"Bi Verna?" Sauti ya daktari ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Umetoka! Uvimbe umetoka mzima, haukupasuka. Tumeuweka kwenye beseni, na beseni halikutosha! Anapumua mwenyewe. Amefungua jicho akanitazama vibaya. Unanisikia? Bi Verna?"

Hakuna aliyemsikia tena. Wazimamoto waliwasha king'ora cha gari lao, mbwa wote wa mji wakajibu, watu wakarusha kofia. Garland alimwinua Verna juu kama gunia, na Verna, aliyekuwa akilia, akampiga kichwani kwa ngumi: "Nishushe, nitamwandikia barua mama yako!" Hollis alikuwa amegeukia majiko yake, mabega yanamcheza.

"Unalia, mume wangu?" Twyla akamuuliza.

"Ni moshi."

"Moshi unakwenda upande wa pili."

Chupa ya Hollis ndiyo iliyofurika kuliko zote. Hakukuwa na ubishi. Fundi wa nyama akapandishwa jukwaani akiwa na aproni yake, watu wakihesabu kwa sauti, simu zote zimeinuliwa. Akapiga goti. Akapangusa mdomo. "Biskuti," akasema, "naomba yaishe hapa hapa." Akafumba macho, akambusu. Biskuti akanusa masharubu yale yaliyojaa sosi ya tangu alfajiri, akapendezwa mno, akaanza kuyalamba, na Hollis alipojaribu kujitoa, nguruwe akamfuata. Wakaanguka wote wawili jukwaani, Biskuti juu, na umati ukacheka mpaka ukakosa pumzi.

Jua lilipoanza kulala, Verna na Hollis walikwenda zahanati. Nyuma yao wakafuata watu wengi, wakitembea kwa kunyata kama wanaoingia kanisani wamechelewa. Skaggs aliwaruhusu wawili tu ndani; wengine walibanana dirishani. Opal alikuwa amelazwa juu ya godoro, amefunikwa blanketi, tumbo limefungwa bandeji. Lilikuwa tumbo dogo. Ilikuwa kama wamemwona nguruwe mwingine.

Verna akamwekea kipande cha tikiti maji karibu na pua. Pua ikacheza. Opal akainua kichwa, akayumba, akajisukuma kwa miguu ya mbele, akasimama huku akitetemeka, kisha akala, maji mekundu yakimchuruzika kidevuni. Nje ya dirisha makofi yakaanza, daktari akawaonyesha kidole cha kunyamaza, nao wakapiga makofi ya kimyakimya, viganja havigusani.

Michango ile iliwatosha wote wa kwa mzee Tabb, ikabaki na ya akiba. Kwato zilikatwa, upele ukapona, yule dume akawekwa kwenye chakula cha wagonjwa mpaka siku moja macho yake yakajitokeza, akamtazama Verna kwa mshangao. Marvella huwaeleza wazee kazini kwake habari za Opal kila Jumatatu, na anayeuliza zaidi ni mzee Tabb, kwa neno mojamoja analoliweza sasa. Daktari Skaggs amepata msaidizi wa kumshikia nguruwe. Na Sulphur Bend wanapanga kumbusu nguruwe tena mwaka huu. Kocha amesema yeye atasafiri wikiendi hiyo. Verna amemwambia asijisumbue, basi la kumrudisha analo.